Babu Mfuko na Gauni la Nesi

Kila akitoka shule, Sindano aliingia na sumaku chini ya cherehani ya mama yake kuokota pini zilizoanguka. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake na, wasemavyo shangazi zake, kwa ulimi wake.

Siku hiyo aliokota kipande cha kitambaa chekundu chenye nyota za njano. Ni kilekile cha mfuko ambao Babu Mfuko huwaachia yeye na mdogo wake mlangoni kila sikukuu, umejaa zawadi. Juzi tu darasa zima lilimcheka kwa kumwamini Babu huyo, naye akaapa kwamba yupo, maana mama yake hasemi uongo.

Kumbe mfuko huo hushonwa na mama mwenyewe! Dawa ya moto ni moto, akajisemea.

"Mama," alisema jioni, uso mkavu, "yule nesi mteja wako amepita. Harusi ya dada yake imeahirishwa. Gauni lake si la kesho tena."

Mama akaliweka gauni kando, akashona nguo za wengine. Sindano alilala akitabasamu.

Asubuhi nesi aliingia, nywele zimesukwa vizuri, viatu vya harusi miguuni. "Fundi, nipe gauni nivae. Gari linanisubiri."

Gauni lilikuwa bado halijatiwa mikono. Nesi aliketi kwenye benchi, machozi yakamtoka.

"Sindano, nani alikwambia harusi imeahirishwa?" mama aliuliza.

"Babu Mfuko." Akaweka kile kitambaa mezani.

Mama alikitazama, akakitambua. Sindano alikuwa amesubiri raha ya wakati huo, lakini alimwona nesi akijifuta macho, mtu ambaye hakuwa amemkosea lolote, na raha ikageuka shubiri.

"Leta mikono ya gauni," mama alisema. "Hayo mengine baadaye."

Mama alikanyaga cherehani, Sindano akapiga pasi na kushona vifungo. Nesi aliondoka amechelewa, lakini amevaa. Sindano alimwomba radhi mlangoni.

"Nilikudanganya ili ufurahi, ukachekwa," mama alisema. "Nisamehe, mwanangu. Nawe ukataka kuniumiza mimi, akalia mwingine. Kisasi hakijui kulenga."

"Nisamehe, mama. Basi Babu Mfuko ndiyo basi?"

"Aje tu. Ila safari hii mfuko tutaushona pamoja, mdogo wako akituona. Mchezo ni mchezo wote wakijua wanacheza. Asiyejua, huyo anachezewa."

Sindano akachukua sumaku, akarudi chini ya cherehani.