Dondo Lililozibwa Pamba

Tulikuwa tunakwenda kufukua makombe yetu, basi. Jua lilikuwa linazama na mimi nilitaka turudi kabla ya adhana ya magharibi, maana nilikuwa nimeacha muhogo wa nazi jikoni juu ya moto mdogo. Nautaja muhogo makusudi. Watu wakisikia habari hii hudhani tulikwenda pwani kutafuta mambo. Mtu anayetafuta mambo haachi chungu motoni.

Mimi ni Mwanapili, mzaliwa wa Mangapwani. Niliyekuwa naye ni mdogo wangu Sichana, baba mmoja mama mmoja. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, baba zamani, na mimi nilikuwa nimeachika, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili: mimi na Sichana na maneno yake. Alikuwa hanyamazi. Akiamka anasema, akila anasema, akikosa wa kumwambia humwambia kuku. Mama alikuwa akimtania, "Huyu siku atakayokufa, mdomo utazikwa kesho yake." Alikuwa ameshaposwa na Machano wa Bumbwini, harusi ilikuwa iwe Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na mimi kimoyomoyo nilikuwa nikijiuliza nyumba ile itakuwaje akiondoka na sauti yake.

Kazi yetu ilikuwa hii. Bamvua likija, maji yakitoka mpaka mbali, tunateremka mwambani kuokota makombe, na zaidi madondo, yale makubwa yenye madoa ambayo washona kofia hulainishia vitambaa na wageni huyapanga makabatini. Dondo zuri ni lililo hai. Mdudu wake humtoi kwa kisu, utalikwaruza. Unachimba shimo juu, maji yasikofika, unayapanga madondo midomo chini, unafukia, unaondoka. Nyama inaoza, sisimizi na kaa wanamaliza kazi. Siku ya kufukua unaijua kwa pua. Tukishayaosha tunampelekea Mabrouk, mwenye duka Mji Mkongwe.

Kila mwanamke alikuwa na shimo lake, na juu yake kijiti kilichofungwa kipande cha kanga. Haikuwa imewahi kutokea mtu akafukua la mwenzake, kwani kila mmoja alikuwa na kanga zake na macho yake. Lakini huo ulikuwa mwaka wa sabini na moja, mwaka wa foleni. Kanga zilipofika dukani zilikuja za namna moja tu, nyekundu, zimeandikwa WEMA HAUOZI, na wanawake wote tukazinunua hizo hizo. Kisimani ungedhani sote tumeolewa na mume mmoja. Tulipokuwa tukizikata na kuzipinda, vile vipande vya pembeni ndivyo tulivyokwenda kufunga kwenye vijiti.

Hatukulifikiria hilo. Nani angelifikiria?

Tulipofika pwani tuliona maji ya bamvua usiku uliopita yamepanda juu kuliko kawaida. Vijiti vingine vimeanguka, vingine havipo. Sichana akakiona kimoja kimesimama karibu na jiwe tulilochimba shimo letu kando yake, kitambaa chekundu kinapepea.

"Hichi chetu," akasema, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa kifuu. Na mdomo huku unakwenda. Mama yake Machano kasema hivi, Machano kajibu vile, shangazi yake Machano ana jino moja la dhahabu na hucheka upande huo tu. Mimi nilikuwa nimesimama na pakacha, nacheka.

Halafu akasema, "Dada, mbona hayanuki?"

Kweli. Shimo la makombe linanuka mpaka utapike. Hili halikunuka uvundo. Lilitoa harufu nyingine, baridi, ya kupanda puani taratibu... Nikaijua kabla sijataka kuijua. Mara ya mwisho kuinusa ilikuwa chumbani kwetu, pazia limeshushwa, Bi Kazija anamwosha marehemu mama.

Karafuu maiti.

"Sichana, rudisha mchanga."

"Ngoja kwanza. Kuna kitambaa humu."

Alikuwa ameshalitoa. Dondo kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona, limefungwa bafta nyeupe, limefundikwa juu na chini kama anavyofundikwa maiti katika sanda. Chini yake yalikuwapo mengine, yamepangwa safu, yote yamelazwa ubavu wa kulia. Sichana akalifungua lile la mkononi. Mdomo wake, ule ufa mrefu wenye meno meno, ulikuwa umezibwa kwa pamba kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Yarabi! Nani mwenye mchezo huu?" akasema, na kabla sijamshika mkono alikuwa ameivuta pamba.

Akaliweka sikioni. Usimlaumu. Nani aliyezaliwa pwani akashika kombe asiliweke sikioni?

"Halivumi," akaninong'oneza. "Dada, halivumi hata kidogo."

Na mimi ndipo nilipotambua kwamba hata bahari haivumi. Maji yalikuwa yanakuja na kurudi mbele yangu, nayaona, lakini hayana sauti. Kunguru kwenye mnazi alikuwa amefungua mdomo na hakutoka mlio. Kaa walikuwa wametoka mashimoni mwao wote, wametulia ukingoni, wametuelekea.

Kimya...

Kimya...

"Kijino..."

Nilisikia. Naapa nilisikia, na nilikuwa mbali naye kiasi cha mkono. Kijino ni jina la Sichana la utotoni, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimwita hivyo. Sauti ilikuwa ya mama, ile ya alasiri, ya kumwita mtoto aje ale.

Sisi tulilelewa na mama mkali. Ukiitwa na mkubwa, uko chooni, una tonge mdomoni, umelala, utaitika. Usipoitika utaliona jua la siku ile. Adabu hiyo ilikuwa imetuingia mpaka kwenye mifupa.

Nikanyanyua mkono nimzibe mdomo.

"Labeka, mama," akasema Sichana.

Hilo ndilo neno lake la mwisho.

Bahari ikarudisha sauti yake ghafla, kunguru akalia, adhana ikaanza kwa mbali. Sichana alikuwa bado amepiga magoti, mdomo wazi, dondo limebanwa kiganjani. Nikamwita. Nikamtikisa. Nikampiga kofi, Mungu anisamehe, nikampiga na la pili. Macho yalikuwa yake, uso wake, ila ndani hakuna mtu. Nikamshika mkono akasimama. Nikamvuta akaja. Njia nzima nilikuwa nikimwomba aseme chochote, hata anitukane, na nyuma yangu nilisikia nyayo tu.

Muhogo ulikuwa umeungua. Nilikaa nikautazama nikalia.

Asubuhi nilikwenda kwa Bi Kazija. Alikuwa mwosha maiti wa kike wa kijiji, bibi mkavu, mpole, anayeishi peke yake kwenye njia ya kwendea pangoni. Watu walikuwa wakimhitaji siku ya msiba, na siku nyingine wakimsema mchawi. Nilimkuta kibarazani anachambua pamba.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Mshafukua."

"Hatukujua. Kitambaa kilikuwa kama chetu."

"Kama cha kila mtu. Nami nlipanga foleni kama nyie, nkaipata hiyo hiyo."

Hasira zilinipanda nikashindwa kuzizuia. "Mama yangu umemfanya nini?"

"Mamako nlimwosha, nkamvisha sanda, akazikwa. Yuko kwa Mola wake, usimguse kwa ulimi wako."

"Basi yule aliyemwita mdogo wangu ni nani?"

Hapo akainua kichwa. Nilikuwa nimekuja kutafuta macho ya mchawi. Niliyoyaona yalikuwa macho ya mtu anayeogopa, na hilo likanitisha zaidi.

"Ndo hilo nsilolijua," akanong'ona. "Kila n'kiosha maiti, jioni yake pwani kuna dondo linasema kwa sauti ile ile. Linawaita watu wake. Nalitafuta, naliziba, nalizika. Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo, na bibi yake yeye. Mie sikuuliza sana."

"Kwa nini hukutwambia?"

"Nliwaambia watu zamani. Wakaniita mchawi. N'kaona bora ninyamaze, niitwe hivyo hivyo, na madondo yabaki chini."

"Nitafanyaje, Bi Kazija? Nimrudisheje?"

Aliifinyanga pamba aliyokuwa akiichambua. Kisha akanitia donge la pamba mkononi, akanifumba vidole kwa mikono yake miwili.

"Ziba. Lakini ukiziba, na mdogo wako anabaki ndani."

"Nikilivunja?"

"Mtungi ukivunjika, mwanangu, maji hurudi mtungini?"

Nilirudi nyumbani na lile donge. Dondo nilikuwa nimelitoa kiganjani mwa Sichana kidole kimoja kimoja usingizini mwake, nikaliweka juu ya sanduku la nguo. Jioni ile, muadhini alipokuwa anamaliza, nililisogelea na pamba yangu. Nilikuwa nimeshaamua.

Ndani ya dondo watu wawili walikuwa wanazungumza.

Mmoja alikuwa mama. Wa pili alikuwa anasema na hanyamazi, anasimulia habari ya shangazi mwenye jino la dhahabu, anacheka katikati, anaanza upya. Sichana wangu mwenyewe. Nikageuka. Sichana mwingine alikuwa amekaa kitandani, mate yanamtoka, ananitazama bila kuniona.

Pamba ilianguka. Ningemzibaje?

Hospitali mjini walimpima wasione kitu, na siwalaumu. Sheikh alimsomea mpaka sauti ikamkauka. Machano alikuja akakaa naye kibarazani jioni nyingi, anamsemesha, kijana wa watu, mpaka mama yake akaja kumchukua. Mfungo Mosi ulipita. Mwaka uliofuata akaoa kwao. Sichana nilimlisha, nikamwogesha, nikamsuka nywele. Alikuwa akikohoa bila sauti. Usiku nilikuwa nikiamka kushika kifua chake nijue kama anapumua.

Bi Kazija akafa kabla ya masika. Wanawake walikusanyika uani, hakuna aliyetaka kumgusa, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Nikamwosha mimi. Jioni yake nikateremka pwani peke yangu, na kwenye mwamba nikasikia dondo linaniita kwa sauti yake, ya upole kuliko alivyokuwa yeye. Sikuitika. Nikaliziba, nikalifundika bafta, nikalilaza ubavu wa kulia karibu na wengine. Tangu siku ile kazi ni yangu, na jina pia. Watoto wakiniona wananipisha njia.

Sichana naye alikwenda. Alizimika taratibu, bila kuomba maji wala kuita mtu. Nilimwosha kwa mikono yangu hii. Jioni nikateremka pwani, nikapita mwambani kote nikisikiliza, nikainama kwenye kila dondo mpaka giza likanikuta, na hakuna hata moja lililosema. Nilikaa kwenye mchanga nikijua kwa nini. Lake lilikuwa limeshasema zamani, nami nilikuwa nalo nyumbani.

Bado ninalo. Sijalizika, sijaliziba. Ni kosa, najua, na nimeshawazika wa wenzangu bila huruma. Lakini nyumba hii ni kimya, na saa ya magharibi ndipo inapokuwa na watu. Wanazungumza, mimi napika. Wakati mwingine nacheka nao. Hujiambia kwamba yule ni Sichana. Bi Kazija hakujua ni nani, mimi nitajuaje?

Mwanzo walikuwa wakizungumza wao kwa wao. Kisha wakaanza kunitaja. "Dada yuko wapi?" "Mbona Pili haji?" Pili, ndivyo mama alivyokuwa akiniita. Nikaichukua ile pamba ya Bi Kazija, nikaitia masikioni mwangu. Ilisaidia kwa muda.

Jana haikusaidia. Mama aliniita, mara moja, kwa ile sauti ya alasiri. Niliuma ulimi mpaka damu. Nikatia upindo wa kanga mdomoni nikaukaza kwa mikono miwili, na machozi yananitoka, kwa sababu ulimi wenyewe ulikuwa unanyanyuka. Ulikuwa unataka kusema labeka.

Sikuitika. Kisha nikasikia kicheko ndani ya dondo, cha mtu wa tatu, ambaye sikuwa nimepata kumsikia.

Na Sichana akasema, taratibu, bila haraka yoyote:

"Mwite tena, mama. Ataitika. Si umetulea mwenyewe?"