Tangi Lilikuwa Baridi

Mzee alikutwa amekufa kitandani kwake, amefunikwa shuka safi hadi kidevuni, nywele zimechanwa vizuri. Chumba kilikuwa na ubaridi wa kupendeza. Nje, jua la alasiri lilikuwa linalainisha lami.

Inspekta Polepole alisimama miguuni pa kitanda. Jina hilo alibandikwa na askari wenzake, maana hata viatu alivivaa kama mtu anayetafakari jambo zito. Hakulikasirikia. Waliomcheka walikuwa wameshaharibu kesi kadhaa kwa haraka zao.

"Ni yule muuguzi," alisema binti wa marehemu pale mlangoni. Alikuwa mama wa makamo, fundi cherehani, uzi mweupe umenasa kwenye mkono wa gauni lake. "Amemzidishia baba dawa za moyo. Kisha huyoo, kaondoka asubuhi, eti anakwenda kliniki kuchukua nyingine."

Muuguzi alikuwa sebuleni, msichana mwembamba, analia kwa kwikwi. Sajini alikuwa ameshamtia pingu.

"Afande, haki ya Mungu sikumzidishia," alisema. "Babu nilimpa vidonge vyake kama kila siku. Nikamwogesha, nikafua mashuka yote mpaka maji ya moto yakaisha kwenye tangi. Naondoka, ananitania nisirudi bila mchumba. Nimerudi nakuta polisi!"

"Gari liko tayari, afande," sajini alisema. "Tumpeleke mahabusu?"

"Nikilala mahabusu hata siku moja basi tena," msichana alilia. "Nani ataniachia mgonjwa wake?"

"Mfungue pingu," alisema Polepole.

"Akikimbia je?"

"Na hizo kandambili? Hata mimi nitamkamata."

Sajini alizifungua, lakini akabaki amesimama karibu. Gari nalo likabaki na mlango wazi.

Daktari wa polisi alimwita Polepole pembeni. Alikuwa ameshapima joto la mwili, na uso wake haukuwa na raha.

"Dawa tutajua maabara wakipima," alisema. "Ila kuna kitu hakikai sawa. Huyu amekufa saa kadhaa zilizopita, tena kwenye chumba kama hiki. Alitakiwa awe amepoa. Mbona bado ana joto kama la mtu mwenye homa kali?"

"Alikuwa na homa?"

"Labda. Au alikufa kwa joto. Moyo mbovu kama wake hauhimili."

"Kwa joto? Humu?" Polepole alijikunja ndani ya koti. "Daktari, mimi nasikia baridi."

Alimfuata fundi cherehani ukumbini.

"Mama, pole sana. Chumba cha mzee kinapozwa na nini?"

"Pampu ya joto," alijibu, na kwa mara ya kwanza uso wake ulichangamka kidogo. "Ni mimi niliyemshauri baba aiweke. Inachota joto la ndani, lakini hailitupi lote nje. Inalipitisha kwanza kwenye tangi la maji. Nyumba inapoa, maji yanachemka. Majirani wanakuja kutuomba maji ya kuogeshea watoto!"

"Ahaa. Joto la mzee ndiyo maji ya moto ya jikoni."

"Ndiyo hivyo. Na kifaa cha umeme cha kuchemshia maji ya tangi tulikiondoa zamani. Cha nini tena?"

"Na leo mashine imefanya kazi?"

"Haikuzimwa hata dakika moja."

"Wewe ulikuwepo mchana kutwa?"

"Peke yangu na baba. Nilikuwa nashona. Nilidhani amelala."

Polepole alishukuru, akaenda jikoni kunawa mikono. Akafungua bomba la maji ya moto, akasubiri. Akaendelea kusubiri. Maji yalikuja baridi, yakabaki baridi.

Hakulifunga. Alisimama akiyatazama yakimwagika, huku akijiuliza jambo moja tu. Tangi liliishiwa asubuhi. Kama mashine ilipoza nyumba mchana kutwa, joto lote hilo lilikwenda wapi?

Ndipo alipoliona sufuria. Lilikuwa juu ya jiko, lile kubwa la kupikia wageni, na ndani yake maji yamebaki nusu. Aliligusa, lilikuwa bado na moto. Chini ya sinki palikuwa na beseni na taulo mbichi inayonukia sabuni.

"Mama, njoo mara moja."

Fundi cherehani alikuja. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye sufuria.

"Haya maji ya nini?" aliuliza Polepole.

"Ya chai."

"Chai ya watu wangapi? Hapa kijiji kizima kinakunywa na kurudia."

Fundi cherehani alianza kuuvuta ule uzi mweupe kwenye mkono wa gauni lake.

"Maji ya moto mnayo ya kugawia majirani. Leo umewasha jiko. Kwa nini?"

Bomba liliendelea kutiririka.

"Weka mkono," alisema Polepole, taratibu kabisa.

Mama yule alinyoosha mkono, akaugusa mkondo wa maji, akaurudisha haraka. Polepole akamsogezea kiti, akafunga bomba.

"Mashine uliizima saa ngapi?"

"Yule binti alipotoka tu." Sauti ilikuwa ndogo mno. "Ile mashine iko nyuma ya ukuta wa chumba changu, afande. Inanguruma kichwani. Mchana nashona. Usiku muuguzi hayupo, baba ananiita. Nigeuze. Nipe maji. Niko peke yangu, ananiita tu. Mwaka na zaidi sijalala kama watu. Nikasema nizime kidogo, nifumbe macho, halafu niwashe."

"Ukapitiwa."

"Nimeamka jua limeshageuka. Nyumba tanuri, madirisha yote yamefungwa. Nilimkuta amelowa jasho, mkono kaunyoosha kwenye ukuta unaotutenganisha." Alijifunika uso kwa viganja. "Alikuwa ananigongea, afande! Ananigongea, mimi nimelala!"

Polepole alimwacha alie.

"Ukawasha mashine. Chumba kikapoa."

"Nilijua chumba kikipoa, hakuna atakayejua."

"Na sufuria?"

"Sikutaka watu wamkute na jasho lile. Nikafungua bomba, maji baridi. Baba alikuwa hapendi maji ya baridi hata kidogo. Ningempangusaje nayo?"

"Kumuua baba yako hukukusudia," alisema Polepole. "Hilo nitalisema popote. Lakini yule binti ulimtaja kwa kinywa chako, akafungwa pingu mbele yako, nawe ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Na yeye je, mama? Haogopi?"

Polepole akachungulia sebuleni. "Sajini! Mwambie huyo binti aende nyumbani. Na umwombe radhi, tena kwa sauti."

Msichana alipita ukumbini akiwa ameshika kandambili mkononi. Alisimama mbele ya mlango wa mzee, akainama kidogo, kisha akatoka mbio.

"Naweza kunawa uso kabla hatujaondoka?" aliuliza fundi cherehani.

"Nawa, mama."

Alifungua bomba lile lile, akakinga viganja. Polepole alimwona akishtuka, kisha akabaki ameinama, maji yakimpitia vidoleni.

"Yameanza kupata moto," alisema.