Ngazi ya Pili

Mapenzi hayachagui pa kuanzia, na haya yalianzia kwenye foleni ya vibali vya ujenzi, watu wamebanana na michoro yao kwapani. Mbele ya mshonaji mmoja alisimama mwanamke wa gauni la buluu.

"Dada, pindo lako limefumuka," alimnong'oneza. "Nipe dakika tano nikusitiri."

"Na wewe mchoro wako umeushika miguu juu. Nani atakusitiri?"

Kumbe mwanamke huyo ndiye mkaguzi wa usalama wa moto. Wiki iliyofuata alipanda hadi ghorofa ya tatu, ambako mshonaji alitaka kuweka vyerehani ishirini. Akatazama majora ya vitambaa, kisha ngazi moja nyembamba.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai. Hata mtoto anajua."

"Yako ina mmoja. Moto ukianzia chini, mafundi wako watapita wapi?"

Akaandika: hakuna kibali mpaka ijengwe ngazi ya pili. Ngazi hiyo ingemeza nafasi ya vyerehani sita.

Mshonaji alimpigia simu kuuliza upana wa ngazi. Kesho yake akauliza urefu. Siku ya tatu hakuwa na swali, akapiga hivyo hivyo.

"Leo unataka kipimo gani?"

"Cha kiuno chako."

"Hicho hakimo kwenye kanuni, mpenzi." Neno lilimponyoka, na hakulirudisha.

Wakapendana bila kuitaja ngazi. Siku za kukata rufaa zilipokaribia kwisha, mshonaji akakata rufaa kuipinga ngazi ile, akiamini mwenzake atamlegezea. Tangu siku ile simu zake hazikupokelewa.

"Amekuchoka," alisema dada yake, fundi wake wa kwanza. "Kwani ulikuwa unachumbia mtu au unachumbia kibali?"

Mshonaji akainama kwenye kitambaa. Swali lilimchoma kuliko sindano.

Siku ya rufaa, kwenye kiti cha mkaguzi alikaa mzee mmoja mkavu. Mwenyekiti wa kamati akafungua faili, akavaa miwani, akasoma barua:

"Naomba kuondolewa katika shauri hili. Jengo nililikagua kabla sijampenda mwenye jengo. Sasa nampenda, na neno langu juu yake halifai tena kusikilizwa. Ripoti yangu ibaki kama ilivyo."

Mtu akakohoa. Mwenyekiti akageuka. "Mkata rufaa, una la kusema?"

Alikuwa na kurasa nne za hoja. Akazikunja. "Naiondoa rufaa. Nitajenga ngazi."

Jioni ile mshonaji alimkuta mkaguzi chini ya jengo lake, anasubiri.

"Ungeniambia."

"Nikupigie kukwambia sitakupigia? Shauri likiwa mezani, mimi na wewe haturuhusiwi kuongea."

"Limekwisha. Nimeondoa rufaa."

Akamkazia macho. "Ukisema ni kwa ajili yangu, naondoka."

Mshonaji akatazama juu, ghorofa ya tatu. "Barua yako ilinifanya nione haya. Halafu nikamkumbuka dada yangu. Cherehani chake nimekichora kona ya mwisho, mbali kabisa na mlango. Nimekichora kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuona."

Mkaguzi akashusha pumzi, akaushika mkono ule.

"Sasa nikuulize jambo lisilo na kamati," alisema mshonaji. "Utakubali nikuoe?"

"Nakubali. Ila jengo lako sitalikagua tena maisha yangu yote. Utabaki na yule mzee, naye huja na futi yake mwenyewe."