Mpishi wa Harusi Aliyeanza Kusahau

Zamani hapakuwa na harusi kijijini Kiegeani bila Bi Mwanahija. Wanawake walikuna nazi uani wakiimba, naye akazunguka kati ya mafiga, upawa mkononi. Hakupima kitu. Alitazama mchele, akajua tui litakalotosha. Mumewe, Mzee Shamte, alipasua kuni na kupalia makaa juu ya mifuniko.

"Leo umenipikia mimi au wageni?" alimtania.

Bi Mwanahija alimfichia ukoko, maana ndio alioupenda.

Kisha Mzee Shamte akafariki. Watu walikuja kuhani, wakarudi makwao. Miezi ikapita. Bi Mwanahija akawa hatoki nyumbani. Chakula hakikumpita kooni. Aliamka mapema mno, akalala macho akingoja adhana. Redio aliizima.

Halafu akaanza kusahau. Aliingia chumbani, akasimama, asijue alifuata nini. Siku moja aliteleka wali, akaenda kukaa barazani. Binti yake, Jamila, aliporudi kutoka shamba la mwani, alikuta moto umeshika makuti ya jiko. Aliuzima kwa ndoo za maji.

"Mama, basi! Usiguse tena moto. Umri umekwenda."

Bi Mwanahija alijisemea moyoni: akili yangu imekwisha.

Moshi ulimleta jirani yao, Sabra, muuguzi wa zahanati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ni uzee tu," alisema Jamila.

"Uzee hauji kwa ghafla hivi," Sabra alijibu. "Alianza kusahau kabla ya msiba au baada?"

"Baada."

Sabra akaketi karibu na Bi Mwanahija. "Mama, kuna kitu bado kinakufurahisha?"

"Hakuna. Nimekuwa mzigo."

"Unatamani kufa?"

Bi Mwanahija alitazama makuti yaliyoungua. "Natamani nilale nisiamke. Lakini kujidhuru, hapana."

Jamila alishika mdomo. Hakuwahi kumuuliza mama yake swali hilo.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema Sabra. "Leo hutabaki peke yako. Kesho twende hospitali."

Huko, Daktari Hafidhi alimpima presha na damu. Akamuuliza maswali mengi ya kumbukumbu. Mengi alijibu, "Sijui."

"Mama, nadhani una sonona," alisema daktari. "Ni huzuni nzito isiyokwisha, na inachosha ubongo. Ubongo uliochoka hautulii kwenye jambo. Na jambo usilolishika vizuri, baadaye hulikumbuki. Kwa wazee, mara nyingi watu huona kusahau tu, wasione sonona."

"Kwa hiyo si wazimu?"

"Si wazimu, wala si upungufu wa imani. Ni ugonjwa, na una tiba."

"Akili yangu itarudi?"

"Wengi hupata nafuu. Siwezi kukuahidi yote, maana wapo wazee wenye sonona ambao pia wana maradhi ya kusahau. Ndiyo maana utarudi tukupime tena."

Alipewa dawa na siku za kuzungumza na mshauri. Sabra naye akamwambia Jamila, "Usimnyang'anye kazi zote. Pika naye, kula naye, tembea naye jioni. Na mwache amtaje baba yako."

Mwanzoni Bi Mwanahija hakuona mabadiliko. Alitaka kuacha dawa. "Sabra alisema zinachukua wiki kadhaa," Jamila alimbembeleza. "Vumilia, mama."

Asubuhi moja Bi Mwanahija aliomba chai kabla hajapewa. Siku nyingine, wakitembea, alisimama mbele ya nyumba moja. "Hapa, tulipopikia harusi, baba yako aliunguza kanzu yake kwa makaa," alisema. "Akaenda kwenye nikaha na tundu mgongoni!" Alicheka mpaka akafuta machozi.

Alipopimwa tena, alijibu maswali mengi. Machache bado yalimponyoka, na daktari akamwambia aendelee na dawa.

Mwaka huo huo Furaha, binti wa jirani mwingine, aliolewa. Mama yake alikuja kumwomba Bi Mwanahija asimamie jiko. Alikubali, kwa sharti kwamba Jamila awe ubavuni mwake. Mara mbili alisahau alichotaka kuagiza. Jamila alimkumbusha kwa sauti ndogo, kazi ikaendelea. Kisha Bi Mwanahija akapita kwenye sinia la vitunguu, akasimama.

"Nani kakata hivi? Hivi ni vitunguu au matofali?"

"Ni mimi, mama," alisema Jamila akicheka. "Umeanza tena kugomba!"

"Nagomba, ndiyo. Kata upya."