Zamu ya Daktari Etuale

Kengele ya sala ya jioni ilipolia, hospitali ya wilaya pale kisiwani Savaii ilitulia. Wagonjwa walikaa vitandani, ndugu zao wakakaa mikekani, na hata walevi wa barabarani waliketi, maana saa ile hakuna anayetembea mpaka kengele ya pili. Ndiyo maana Daktari Makerita alishangaa kusikia kandambili katika wodi ya wanaume. Zilikwenda kitanda hadi kitanda, zikisimama kidogo kila mahali.

"Nani huyo asiye na adabu?" alimnong'oneza muuguzi, Sista Penina.

Penina hakuinua kichwa. "Sali, Daktari. Sali tu."

Makerita alikuwa daktari pekee pale. Mwenzake alipata kazi Nyuzilandi, akaaga kwa keki, na nafasi yake haikujazwa. Tangu hapo Makerita alilala kwenye kiti cha chumba cha zamu, alikula akikumbuka, na mama yake alishachoka kumwekea chakula cha Jumapili. Wakubwa walimpigia simu kumsifu kwamba ana moyo. Moyo wenyewe ulikuwa unapiga kama injini mbovu, lakini hilo hawakuuliza.

Sala ilipokwisha alienda kumwona Mzee Tavita, mwenye kidonda cha sukari mguuni.

"Mbona unanisumbua tena?" mzee alilalamika. "Daktari mwenzako ameshanipima."

"Daktari gani, Baba?"

"Yule mnene. Mikono ya baridi hiyo, utadhani kashika samaki! Lakini mpole. Kasema homa imepanda, nibadilishiwe dawa."

Makerita alimpima. Homa ilikuwa imepanda kweli. Hewani palikuwa na harufu ya kakao iliyoungua, na jikoni walishazima moto zamani.

Mtu mwingine angekimbia. Makerita, kwa uchovu aliokuwa nao, alishukuru. Jioni iliyofuata kengele ilipolia alijitupa kwenye kiti, akaziacha zile kandambili zifanye kazi. Ikawa hivyo kila jioni. Harufu inakuja, hatua zinaanza, yeye anazama usingizini. Wagonjwa walipona vizuri tu. Yeye ndiye aliyezidi kukonda, midomo ikamgeuka rangi ya majivu.

Penina alivumilia, mwisho akashindwa. Alimshika mkono jikoni mchana mmoja.

"Dada, usikae tena kwenye kile kiti. Daktari Etuale alifia pale."

"Alikuwa anaumwa?"

"Kuchoka tu. Alikuwa peke yake kama wewe. Alinywa kakao yake, akaketi, na sisi tukapita tukinyata mchana kutwa. Tukafurahi, jamani, leo kalala! Mimi mwenyewe nilimfunika shuka." Penina alianza kulia. "Nilimfunika maiti, Dada. Ndugu zake wa kisiwa cha Upolu walichukua mwili, lakini hakuna aliyekuja kuitandikia roho yake kitambaa, aibebe ikazikwe naye. Hajui kwamba zamu imekwisha."

"Basi mwache anisaidie," Makerita alisema, akacheka kidogo. "Wewe unajua mwingine wa kunisaidia?"



Jioni ile Makerita alilala tena. Alipozinduka alikwenda kwa Mzee Tavita, na mzee alipomwona alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Safari hii mlikuja wawili," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe ulikuwa nyuma yake. Nilikusalimu hukuitika. Na mikono yako, mwanangu, nayo imeanza kuwa ya baridi."

Makerita, ambaye alijua fika kwamba hakuinuka kitini, alisimama akiitazama mikono yake, akaisugua, akaipuliza, akaiweka shavuni kama mtu anayepima homa ya mtoto, na shavu lake lilipokosa kuhisi chochote, si joto wala baridi, ndipo alipomwambia Penina amwite Bibi Lupesina.

Bibi Lupesina, mganga aliyetibu waliosumbuliwa na aitu, yaani mizimu ya wafu, alifika na kitambaa cha gome la mti, siapo safi kabisa. Alimketisha Makerita sakafuni, akakitandaza mbele ya kiti cha zamu kengele ilipolia.

"Etuale, mwanangu," aliita taratibu, "wagonjwa wamelala. Zamu imekwisha. Njoo, ndugu zako wanakungoja."

Kandambili zilisogea kutoka wodini, zikapita mlangoni, harufu ya kakao ikajaa chumba mpaka koo likawasha, zikasimama karibu nao kiasi kwamba Penina alijibana ukutani ili zisimkanyage, kisha kukawa kimya, na sisimizi mweusi akatoka chini ya kiti, akapanda siapo. Bibi alimviringisha katika pembe ya kitambaa, akafunga fundo. Harufu ikakatika.

"Huyu akazikwe Upolu," alisema, akavuta pumzi.

Hapo akatoka sisimizi wa pili. Alifika katikati ya siapo, akamgeukia Makerita, akatulia.

"Nani mwingine alifia hapa?" Bibi aliuliza.

"Hakuna," Penina alisema.

Bibi alimgeukia Makerita. "Huyu ni wako. Umeshatoka. Usiinuke. Nikuwekee huyu kifuani, twende kwa mama yako, ulale mpaka urudi ndani."

Nje gari lilifunga breki. Mwanamke alikuwa anapiga mayowe. "Daktari! Mtoto hapumui!"

"Usiende," alisema Bibi.

"Hapumui, Bibi."

"Hakuna daktari mwingine?"

"Hakuna."

Bibi alimkamata kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote, kucha zikazama kwenye nyama. Makerita hata hakukunja uso. Aliuchomoa mkono, akatoka.

Walisubiri. Mwishowe mtoto alilia, kwa hasira, na watu huko nje wakapiga vigelegele na kumshukuru Mungu. Penina naye alitaka kushangilia, akatazama chini.

Sisimizi alikuwa amelala chali.

Kutoka wodini walimsikia Makerita akiita mgonjwa mwingine. Bibi Lupesina alimkunjia sisimizi ndani ya siapo polepole, akafunga fundo la pili.

"Penina," alisema, "mama yake anakaa kijiji gani?"