Nondo wa Sandukuni

Kila asubuhi yule msichana alibandika chai, akafagia chumba, akalizunguka sanduku la marehemu mama yake bila kuligusa. Hakulia. Tangu mazishi alikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, lakini hausikii kitu.

Mwalimu aliwapa kazi ya kulinganisha kindi na nondo. Kindi alimjua, alimwona nyuma ya shule akifukia mbegu. Kuhusu nondo, alimuuliza baba yake, fundi mwashi.

"Nondo? Ya milimita ngapi?" baba akauliza, macho yakiwa kwenye sahani.

Kesho yake akasoma mbele ya darasa: "Kindi hupanda mti. Nondo ni chuma, hufungwa kwa waya kabla ya kumwaga zege."

Darasa likaangua kicheko. "Kindi anajenga ghorofa!" mmoja akapaza sauti. Msichana hakuona hata aibu.

"Nondo mdudu, mwanangu," mwalimu akasema taratibu. "Anayeharibu nguo. Mtafute, uandike upya."

Alipotoka shule, jua bado kali, akapitia kwa shangazi yake, fundi cherehani. Shangazi aliposikia habari ya nondo, mkasi ukasimama mkononi.

"Sanduku la mama yako mlilifungua lini?"

"Hatujalifungua."

Wakaenda pamoja. Baba alikuwa mlangoni. "Dada, liache tu."

"Nikiliacha utabaki na vifungo."

Kifuniko kilipoinuliwa, mdudu mdogo wa rangi ya majani makavu akapeperuka. Sweta la sufu la mama lilikuwa na matundu mkononi.

"Ndiye aliyelila?" msichana akauliza.

"Huyo anayeruka hali kitu. Walaji ni watoto wake." Shangazi akabandua kiwavi.

Baba akamtazama. "Kumbe ndiyo nondo yenyewe! Hata milimita kumi haifiki."

Msichana akacheka. Akalikumbatia sweta kifuani, likanukia sabuni ya mama, na kicheko kikageuka kilio. Ganzi ikiisha, huchoma.

"Lia, mwanangu," shangazi akasema. "Kindi hufukia mbegu ardhini, anayoisahau huota ikawa mti. Nondo hutaga gizani, pasipoguswa na mtu, na watoto wake hula hadi uzi. Kumbukumbu ya mama yako usiifungie. Itoe, ipate jua. Matundu nitakufundisha kuyashona."

Baba akalichukua sweta, akaenda kulianika kwenye kamba.