Kitambaa Cheusi Kifuani

"Kitoe hicho kitambaa, Dindo."

"Sikitoi."

Ligaya alisimama kwenye mlango wa wachezaji, uwanja wa mpira wa kikapu, Quezon City, Ufilipino, karatasi ya ukaguzi mkononi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mchezaji wa klabu anaingia na suti, viatu vya ngozi, bila pambo lolote. Klabu hizi nazo! Ukisaini mkataba, wanadhani umesaini mpaka soksi.

Na huyu mbishi mrefu mbele yake alikuwa mchumba wake. Klabuni hakuna aliyejua.

Kifuani Dindo alikuwa amebana kipande cheusi, kidogo kama ukucha. Mama yake alikuwa na miezi minne kaburini. Kwao hicho huvaliwa mwaka mzima, ndipo matanga yaanuliwe na harusi ifungwe.

"Ukikataa huchezi leo," Ligaya alinong'ona. "Na mimi nisipokuandika humu kwamba umevunja sheria, kazi sina."

"Suti yao nimevaa. Nywele nimenyoa. Hata tatuu nimeifunika! Sasa wanautaka na msiba wangu? Wananilipa nicheze, Ligaya. Mama yangu hayumo kwenye mkataba."

"Mpenzi, ni mpaka uingie chumba cha kubadilishia tu..."

"Haya, kitoe kwa mkono wako. Lakini ukikitoa, harusi usiisubiri."

Simu ya Ligaya ikalia. Ujumbe wa meneja, Bwana Villacorta: "Namwona kwenye kamera. Akitoe au mwandike. Nakuja."

Ligaya alimkumbuka yule mama aliyemfundisha kupika mchuzi wa ukwaju, akamwita mwanangu kabla hata hajaposwa. Hasira zikampanda. Akaigeuza kola ya koti lake. Chini yake palikuwa pamebanwa kipande cheusi kama kile.

Dindo akaduwaa. "Wewe! Tangu lini?"

"Tangu siku tuliyomzika. Wewe ulikionyesha, mimi nikakificha. Nilikuwa mwoga, nisamehe."

Akakibandua, akakibana kifuani, mbele kabisa, kila mtu aone.

Villacorta akatokea anahema.

"Ligaya! Umerukwa na akili? Huyu kafiwa na mama yake. Wewe umefiwa na nani?"

Ligaya akaushika mkono wa Dindo. Kwa mkono mwingine akamkabidhi bosi karatasi na kalamu.

"Na mama mkwe wangu. Haya, andika majina mawili."